UZI: Nilikwenda Ujerumani kufundisha Kiswahili sanifu, Kiamu cha bibi yangu nikakikuta London

Mwalimu wa Mkomani

Asalaam aleikum wadau.

Jana jioni pale Mkunguni, hapa Lamu, kijana mmoja alinisimamisha. Amealikwa kwenda ng'ambo kufundisha Kiswahili mwaka mmoja, akataka nimwambie abebe nini. Adhana ya Magharibi ilikuwa karibu, nikamjibu upesi: beba sweta, beba vyeti vyako vyenyewe wala si nakala, beba pesa za kukufikisha mwisho wa mwezi wa kwanza. Nilipofika nyumbani nikajuta, maana lililo kubwa sikumwambia. Ndiyo sababu nafungua uzi huu. Utakuwa mrefu, nitauweka kwa vipande. Wenye maswali waulize tu, nitajibu.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Lamu, ambayo wenyewe twaiita Amu na lahaja yake Kiamu, mtaa wa Mkomani. Mwaka 2018 nilialikwa kufundisha muhula mmoja Bayreuth, mji ulio katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Si mji mkubwa na hauna bahari. Kwa mtu wa Amu hilo la bahari ni zito kuliko unavyodhani kabla ya kuondoka. Lakini chuo cha pale, kilichofunguliwa mwaka 1975, kimeifanya Afrika kuwa mojawapo ya nguzo zake. Tangu 1987 kuna kongamano la Kiswahili ambalo huwakusanya watu wa lugha yetu kutoka pande nyingi za dunia. Mara ya kwanza kumsikia Mwitaliano na Mtanzania wakibishana juu ya vina, kwa Kiswahili, katikati ya Bavaria, nilikaa kimya nikawasikiliza tu.

Safari yenyewe mnaijua. Boti mpaka Mokowe, basi alfajiri chini ya ulinzi wa polisi, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, kisha Nairobi kwa ajili ya viza. Ukija kwa kukaa chini ya siku 90 utaratibu ni mmoja. Ukizidi hapo unaomba viza ya taifa lenyewe, na hiyo ina karatasi zaidi na subira zaidi. Anzeni mapema. Na mkishafika na kuhamia chumba, mna wiki mbili za kwenda kujiandikisha mnaishi wapi. Bila karatasi ile mambo mengi hukwama, kuanzia akaunti ya benki.

Naendelea baadaye, nina madaftari ya kusahihisha.

---

Binti Matondoni

Mwalimu, shikamoo. Tuambie la pesa kwanza. Mdogo wangu naye amepata barua, lakini wanamwambia ajilipie nauli watamrudishia.

---

Mwalimu wa Mkomani

Marahaba mwanangu. Hapo simama kwanza, nikupe yangu.

Kabla ya Bayreuth niliwahi kualikwa mahali pengine, nchi nyingine, chuo nisichokitaja. Waliniandikia vizuri sana. Nauli nilipe mimi, stakabadhi niwape, watanirudishia nikifika. Sikuwa na fedha hizo. Mama yangu akatoa bangili zake mbili za dhahabu, zile alizovishwa siku ya harusi yake, tukaziweka rehani. Nilifika, nikafundisha, nikapeana stakabadhi. Fedha zilirudi baada ya miezi mitano, kwa sababu kila karatasi ilikuwa na mwenyewe na mwenyewe yuko likizo. Bangili moja tuliikomboa. Ya pili ilikuwa imeshauzwa.

Mama hakuwahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kwa hiyo mwambie mdogo wako aandike barua ya adabu, aulize mambo haya kwa maandishi: nani ananunua tiketi, lini, mshahara unaingia tarehe ngapi, bima ya afya inalipwa na nani, nyumba ni ya chuo au ajitafutie. Akiambiwa ajitafutie, ajue kwamba Ujerumani mwenye nyumba anaruhusiwa na sheria kudai dhamana ya hadi kodi ya miezi mitatu. Kuuliza si utovu wa adabu. Wenzetu kule wanauliza kila kitu na hakuna anayekasirika.

Pia aangalie kama kiasi kilichoandikwa ni kabla ya makato au baada yake. Kodi na bima hukatwa hukohuko kazini, na tofauti ni kubwa.

---

Mwalimu wa Mkomani

Sasa darasani. Hapa nitakaa kidogo.

Kwenye ratiba kipindi changu kiliandikwa 10 c.t. Mimi saa nne kamili nilikuwa ndani, nimefuta ubao, nimepanga karatasi, viti vyote vitupu. Dakika kumi zikapita nikadhani nimekosea siku. Zikabaki dakika mbili kufika robo, wakaingia wote, wakakaa, na saa nne na robo kila mtu kalamu mkononi ananitazama. Herufi zile mbili ni za Kilatini, desturi ya vyuo vya huko: kipindi huanza robo saa baada ya saa iliyotajwa. Hakuna aliyefikiria kunieleza kwa kuwa kwao ni jambo la kuzaliwa nalo.

Mwisho wa kipindi nikasema, "Tutaonana Alhamisi." Wote wakaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole. Ko, ko, ko, ko. Mimi nimelelewa nyumba yenye daka na mlango wa mbao. Nikisikia kugongwa, mdomo unaitika wenyewe. Nikasema, "Karibu!" huku nikigeukia mlango. Binti mmoja wa mbele akanieleza kwamba huko mwanafunzi hapigi makofi mwalimu akimaliza, hugonga meza, ndiyo shukrani. Nami nikawaeleza hodi ni nini, kwamba anayegonga anasema hodi na aliye ndani anaitika karibu, na kwamba hodi tatu zisipoitikwa unarudi zako bila kinyongo. Tangu siku ile hadi Julai kila kipindi kilikwisha hivyo: wanagonga meza, wanasema hodi, nami naitika karibuni. Mpaka leo darasa langu la hapa likitawanyika kimya nahisi kuna kitu kimepungua.

Nilidhani ngeli zitawatesa. Hazikuwatesa sana. Watu hawa lugha yao yenyewe ina jinsia tatu za nomino ambazo hazielezeki, kwa hiyo ukiwaletea ngeli wanafungua daftari na kuzipanga. Saa ziliwapa kazi kidogo, kwa sababu Mjerumani akitaka kusema saa tisa na nusu ya kwao husema nusu ya kumi, yaani yuko nusu njia kuiendea kumi, halafu mimi namwambia hiyo kwetu ni saa tatu na nusu. Wiki mbili walizielewa.

Kilichowashinda ni pumzi. Sisi wa Amu tunatenganisha kaa la moto na kaa wa baharini. Kwa maandishi ni mamoja, lakini la moto linatoka kavu mdomoni, na wa baharini anatoka na pumzi. Paa la nyumba na paa wa mwituni ni hivyohivyo. Vitabu vyao havikuigusa tofauti hiyo kwa kuwa maandishi sanifu hayaionyeshi. Na Mjerumani kwa mazoea ya lugha yake hutia pumzi neno likianza na p, t au k, kwa hiyo wao kila paa lilikuwa mnyama. Nikakata vipande vya karatasi nyembamba, kila mmoja akashika chake mbele ya midomo: ukisema paa la nyumba karatasi isitikisike, ukisema paa wa mwituni itikisike. Kipindi kizima tulifanya hivyo. Kijana mmoja aliyefika hadi Dar es Salaam kusoma Kiswahili aliniambia hakuna mwalimu aliyewahi kumwonyesha jambo hili.

Nilifurahi. Sikujiuliza kwa nini hakuonyeshwa.

---

Mwalimu wa Mkomani

Sasa lile nililolikusudia. Naomba mnisome polepole.

Siku moja nilikuwa darasani mapema nikizungumza na nyumbani kwa simu ya video. Mtoto wa kaka yangu alikuwa akikimbiakimbia nyuma ya mama. Nikamwita, "Ndoo hapa, mwanangu, ndoo nikuone mato." Wanafunzi walikuwa wanaingia. Nilipokata simu mmoja akanyoosha mkono akauliza kwa adabu: "Mwalimu, kwa nini mtoto anaitwa ndoo?"

Ndoo katika vitabu vyake ni chombo cha kutekea maji. Kwetu ndoo ni njoo, kama ndia ni njia, ndaa ni njaa, mato ni macho, moya ni moja. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kufundisha. Badala yake nikaona haya. Nikasema, "Hiyo ni lahaja ya nyumbani tu. Msiifuate." Nikageukia ubao.

Msiifuate. Neno lile nimelibeba tangu hapo.

Ilikuwa mwezi wa tano. Pentekoste ilipoingia kukawa na siku chache zisizo na vipindi, nami nilikuwa nimeomba viza ya Uingereza, maana ile ya Ujerumani haikufikishi kule. Treni hadi Nürnberg, ndege hadi London, na Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Nilitaka kuona makusanyo ya miswada ya Kiswahili yaliyo chuo cha SOAS. Nilishasoma juu yake kwa miaka mingi. Kusoma juu ya kitu na kukiwekea mkono ni mbali.

Chumba cha kusomea ni kimya. Mkoba unauacha nje, kalamu ya wino hairuhusiwi, unaandika kwa penseli. Wakaniletea karatasi, wakaniwekea mto laini wa kuzilaza. Nikaona mwandiko wa Muhamadi Kijuma.

Walio nje ya Lamu huenda hawamjui. Alikuwa mwenyeji wetu, mtu wa karne ya 19 aliyeishi hadi 1945: mshairi, mwandishi wa hati, mchonga milango, mpigaji na mchezaji wa ngoma. Wazungu waliotaka tendi za pwani walimwendea yeye. Alice Werner alipata hati kwake, William Hichens vilevile, na Ernst Dammann alipokuja Lamu miaka ya 1930 alikaa naye na kufanya naye kazi. Alinakili kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono uliotulia kama wa fundi. Karatasi zikapanda meli. Leo ukitaka kuuona mwandiko wake, kwingi utaelekezwa London, Hamburg, Berlin.

Nikaanza kusoma midomo ikitikisika bila sauti. Mato. Ndia. Moya. Ndaa. Yale yale niliyowaambia wanafunzi wasiyafuate, yako pale kwenye mto laini, yamewekewa namba, chumba kimepimwa joto ili yasiharibike. Hayo ndiyo maneno bibi yangu aliyosemea nayo kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, mguu mmoja juu ya mbuzi akikuna nazi, tendi zikimtoka kichwani bila karatasi. Mimi nilisomeshwa nisiyaseme shuleni. Nilipigwa fimbo ya mkono kwa "ndia".

Meza ya pili alikaa mtafiti, mgeni, mtu wa heshima. Alipojua natoka Lamu akaja na neno moja lililomsumbua siku tatu. Kamusi zake hazikuwa nalo. Nilimjibu kabla hajamaliza kuuliza, kwa kuwa ni neno la jikoni. Akaandika jibu langu kwa penseli, akanishukuru mara mbili, akarudi kwenye meza yake.

Nilifuturu jioni ile kwa tende na maji kwenye bustani ya karibu, jua likizama karibu saa tatu za usiku. Nililia. Sikulia kwa hasira juu ya walioyachukua, maana wamezitunza karatasi zile kwa heshima, na picha za nyingi wameziweka kwenye mtandao wazi kwa kila mtu. Nililia kwa sababu mimi ndiye niliyesema msiifuate.

---

Mkaazi wa Shela ya Malindi

Dada, umenigusa, lakini niruhusu nikupinge kidogo. Anayekuajiri kule anataka sanifu. Mwanafunzi atafanya mtihani wa sanifu, ataenda Nairobi au Arusha, hataenda Lamu. Ukimpa "mato" na "ndia" unamchanganya. Mimi nimewahi kufundisha wageni hapa Malindi, wengi Waitaliano, na hata maneno ya hapa Malindi kwenyewe nayaacha nje ya darasa.

---

Mwalimu wa Mkomani

Kaka, sikubishii juu ya mtihani. Sanifu nimeifundisha na nitaendelea kuifundisha. Lakini tukumbuke ilivyokuja. Mwaka 1928 walikutana Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusawazisha vitabu. Ulikuwa uamuzi wa watawala kwa ajili ya shule, ukachukuliwa ndani ya mji wenye Kimvita chake. Una faida zake, leo tunaelewana kutoka Lamu hadi Kongo. Haukusema Kiamu ni makosa. Hilo tulijiongezea sisi walimu.

Na tazama jambo hili. Wale wanafunzi kwa sanifu hawakunihitaji mimi. Wana vitabu, wana walimu Wajerumani wanaoijua sarufi yetu kunishinda mimi, wana rekodi. Waligharimika kunileta kutoka kisiwa ambacho karibu hakina magari kwa sababu ya kile kisichokuwa vitabuni. Ile pumzi ya paa. Lile neno la jikoni. Nikivificha hivyo, nimekwenda kufanya nini?

Nilirudi Bayreuth nikawaambia darasani: wiki iliyopita mliniuliza juu ya ndoo nikawajibu vibaya, naomba radhi. Nikaandika ubaoni safu mbili, njia na ndia, njaa na ndaa, njoo na ndoo, macho na mato, kichwa na kitwa, moja na moya, kuja na kuya. Sikueleza kitu. Baada ya dakika tano binti yule wa mbele akasema, "Mwalimu, kuna kanuni hapa," akaitaja yote: nj ya sanifu ni nd, ch ni t, j ni y. Wakawa wanatabiri wenyewe maneno ambayo hawajayasikia. Hawakuchanganyikiwa hata mmoja, kaka. Sanifu yao iliimarika kwa kuwa sasa waliona lugha ina ndugu.

---

Nahodha Mstaafu

Mwalimu, katika miji yote ile wewe si wa kwanza wetu kufundisha huko. Babu yangu alikuwa akisimulia juu ya waswahili waliokuwa Berlin zamani za Wajerumani.

---

Mwalimu wa Mkomani

Kweli kabisa mzee wangu, na hadithi hiyo ni vyema kila anayekwenda aijue.

Berlin ilifungua chuo cha lugha za mashariki mwaka 1887, na Kiswahili kilikuwamo. Walihitaji mtu mwenye lugha mdomoni. Amur bin Nasur, kutoka Unguja, alifundisha huko miaka ya mwanzo ya 1890. Baadaye akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Waliokaa mbele yao madarasani wengi walikuwa watu wanaojiandaa kuja kututawala. Fikirini hali hiyo: unamfundisha mtu kusema "njoo", na unajua atakuja kulitumia vipi.

Mtoro alioa Mjerumani. Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani pamoja na mkewe, serikali ya koloni ikakataa wasishuke kwenye ardhi, wakarudishwa Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927. Alikuwa mwandishi mkubwa. Mengi tunayoyajua juu ya desturi za Waswahili wa mrima, yaani pwani ya bara, wa wakati ule yalitoka kwenye kalamu yake.

Nilipokuwa kule niliwataja hao wawili siku ya mwisho ya muhula. Mimi ninapofundisha, mwanafunzi wangu anataka kusoma mashairi, au kufanya kazi hospitalini Kenya, au ana mpenzi Tanga. Nina pasipoti, nina mkataba, nina tiketi ya kurudi. Mtoro hakuwa na ya kurudi. Wanafunzi walisikiliza bila kuandika kitu.

---

Binti Matondoni

Na Ramadhani uliyafunga vipi masaa yale? Na upweke?

---

Mwalimu wa Mkomani

Mwezi wa sita jua la Bayreuth linazama baada ya saa tatu za usiku, na alfajiri inaingia kama saa tisa za usiku. Ni kufunga kwa muda wa saa kumi na nane hivi. Njaa si tatizo sana kwa sababu hakuna joto la huku. Usingizi ndio tatizo. Unafuturu, unaswali, ukilala unaamka kula daku, ukilala tena kipindi kinakuita. Waturuki wa mji ule walinisaidia, walinipa kalenda ya nyakati na mkate wao mkubwa wa futari. Nilipika uji, na mahamri kwa iliki niliyobeba kutoka hapa. Idi ilikuwa Ijumaa tarehe 15 Juni. Niliswali, nikavaa, nikarudi chumbani, nikapiga simu nyumbani nikasikia takbiri na kelele za watoto. Hapo ndipo upweke ulipo, si kwenye baridi. Na baridi ipo: nilifika mwezi wa nne nikidhani imekwisha, na nilinunua koti siku ya pili.

Dawa yangu ilikuwa kutembea. Kila Jumapili nilipanda treni ya karibu nikashuka mji nisioujua. Na kukubali kila mwaliko wa chai, hata nilipokuwa nimechoka. Mjerumani hakwambii "pita siku yoyote" kama sisi. Atakwambia tarehe na saa wiki mbili kabla, na siku hiyo atakuwa amekusubiri kwa moyo mmoja, keki iko mezani.

Kwa wanaotafuta nafasi: DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wahadhiri, wana ofisi Nairobi na kuna misaada ya wahadhiri wageni. Kwa vijana, Marekani kuna mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha, unafundisha Kiswahili huku wewe mwenyewe ukisoma, mwaka mmoja wa masomo. Soma masharti kwao wenyewe, usipewe na dalali. Hakuna dalali wa kweli katika jambo hili.

---

Mkaazi wa Shela ya Malindi

Nimesoma tena jibu lako, dada. Kesho nina kipindi. Nitajaribu zile safu mbili. Lakini niambie, hizo picha za miswada zilizo mtandaoni mtu wa kawaida atazifanyia nini? Ni herufi za Kiarabu, na vijana wetu wanasoma Kurani lakini Kiswahili cha herufi zile hawakiwezi.

---

Mwalimu wa Mkomani

Swali zuri sana, na jibu nimelipata nyumbani kwangu.

Herufi za Kiarabu zina alama tatu tu za irabu. Kwa waandishi wengi wa zamani i na e huandikwa mamoja, u na o mamoja. Ukiona neno lile lile unaweza kulisoma mwenye au mwinyi, toa au tua. Herufi ya b mara nyingi ndiyo p, na ndiyo mb pia. Kwa hiyo kuzijua herufi hakutoshi. Anayesoma ni lazima awe ameshaisikia lugha ile, ajue neno lipi linakaa pale. Ndiyo sababu yule mtafiti wa London, pamoja na elimu yake yote, alikwama siku tatu kwenye neno la jikoni.

Tangu nirudi tunakutana Alhamisi baada ya Alasiri, barazani kwetu: wasichana sita wa kidato cha tatu na cha nne, na vijana wawili wa madrasa. Nachapisha kurasa kutoka kwenye zile picha, kubwa, kila mmoja na yake. Wao wana macho mazuri na herufi wanazijua. Mama yangu hukaa mlangoni na tasbihi, hajui kusoma hati, na mwanzoni alisema haya ni mambo yenu ya shule.

Wiki ya tatu tulifika kwenye ubeti uliotushinda. Tulisoma "tua". Tua mzigo, pumzika. Nikawaeleza wasichana maana kwa dakika kumi, nikaunganisha na ubeti uliotangulia, wakaandika.

Mama akasema kutoka mlangoni, "Si tua. Toa. Mkono ule unatoa, hautui." Kisha akausoma ubeti wote kwa kichwa, na miwili iliyofuata, ambayo ilikuwa kwenye ukurasa ambao sikuwa nimeuchapisha bado.

Msichana mmoja alikwenda akamletea kiti katikati yetu.